Kisiwa ni Jahazi: Khutba juu ya Amana ya Ardhi na Bahari

KHUTBA YA KWANZA

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyeumba nchi kavu na bahari, akakiwekea kila kitu kipimo chake. Tunashuhudia kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye, na kwamba Muhammad ni mja wake na Mtume wake. Rehema na amani zimshukie yeye, jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya haya. Enyi ndugu Waislamu, mliomo msikitini na mnaotusikiliza majumbani, tunaziusia nafsi zetu kwanza, kisha tunakuusieni nyinyi, kumcha Mwenyezi Mungu katika siri na dhahiri, na katika vile alivyotukabidhi tuvitumie.

Mtume wetu, rehema na amani ziwe juu yake, alitupigia mfano wa watu waliopanda jahazi moja. Walipiga kura, wengine wakapata tabaka la juu, wengine la chini. Wa chini walipotaka maji iliwabidi wapite kwa wa juu. Wakaambiana kwamba afadhali watoboe tundu katika sehemu yao, wasiwasumbue wenzao. Mtume akabainisha: wakiachwa wafanye watakavyo, wataangamia wote, wakishikwa mikono, wataokoka wote.

Ndugu zetu, kisiwa ni jahazi. Nasi tulioko Kingerikiti, juu ya miinuko, tusidhani kwamba habari za visiwa hazituhusu. Upande mmoja wa Jamhuri yetu, tangu Muungano wa Aprili 1964, ni visiwa. Huko ndiko walikotoka wengi wa masheikh waliotusomeshea walimu wetu.

Tazameni hali ya Unguja na Pemba. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilikuta Zanzibar watu 1,303,569. Ile ya mwaka 2022 ikawakuta 1,889,773. Ardhi haikuongezeka hata shubiri. Hakuna milima mirefu wala mito mikubwa. Maji ya kunywa hutoka chini ya ardhi, ndani ya mawe ya matumbawe. Yakivutwa kupita kiasi karibu na pwani, maji ya bahari hupenya yakashika mahali pake, na kisima kilichokuwa kitamu kikawa cha chumvi.

Tazameni pia jinsi riziki ya kisiwa inavyoning'inia kwenye uzi mmoja. Mwezi Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja ikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu. Pemba ikasalimika zaidi, na tangu hapo ndiyo ikawa shamba kuu la karafuu. Katika miaka ya 1980 pigo jingine halikuja kwa upepo bali kwa soko: Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa, ilikuwa imeotesha karafuu zake yenyewe, na bei ikaanguka. Tangu mwaka 1980 Unguja hupata umeme kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka bara. Ulipoharibika, kisiwa kikakaa gizani tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010. Pampu za maji zikasimama, watu wakahangaika kwa ndoo na madumu. Bara tukikatikiwa njia moja huenda tukapata nyingine. Mtu wa kisiwani hutazama pande zote akaona bahari.

Na bahari yenyewe imeanza kubadilika. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto lisilo la kawaida, na matumbawe mengi yakapauka na kufa. Nayo ndiyo nyumba ya samaki na boma la pwani dhidi ya mawimbi. Kina mama wa Unguja na Pemba, walioanza kulima mwani mwishoni mwa miaka ya 1980 wakasomeshea watoto wao, wameona mwani ukioza katika maji ya moto ya kina kifupi. Aprili 2019 tufani Kenneth ilipita kaskazini ya Ngazija ikaangamiza nyumba na mashamba ya ndugu zetu wa Komoro, kisha ikaingia kaskazini mwa Msumbiji, ng'ambo tu ya mto Ruvuma. Desemba 2024 tufani Chido ikaibomoa Mayotte. Nako Maldivi, nchi ya Kiislamu ambayo sehemu kubwa ya ardhi yake haifiki mita moja juu ya bahari, mawaziri walifanya kikao chini ya maji mwezi Oktoba 2009, ili walimwengu waone yatakayowafika.

Basi tuulize: ni nani anayelitoboa jahazi? Katika mfano wa Mtume, waliotaka kutoboa walikuwa wa tabaka la chini. Leo watoboaji wakubwa ni wa tabaka la juu: mataifa tajiri yaliyochoma makaa na mafuta kwa zaidi ya miaka mia moja, moshi wake ukaipasha joto dunia. Wavuvi wa Komoro na wakulima wa mwani wa Paje wamechangia kidogo mno, lakini maji yameanza kuingia kwao. Hiyo ni dhuluma, na Uislamu umetuamrisha kuiita dhuluma kwa jina lake. Mataifa madogo ya visiwa yamelisema hilo Barbados mwaka 1994, na Antigua na Barbuda mwaka 2024. Wanaodai haki yao si ombaomba.

Lakini dhuluma ya mkubwa haimhalalishii mdogo tundu lake. Anayekata mikoko, anayechimba mchanga wa ufukwe, anayevua kwa baruti, naye ameshika patasi mkononi.

Wenzetu wa Pemba wametupa funzo. Magharibi ya kisiwa chao kipo kisiwa kidogo kiitwacho Misali. Masimulizi ya wenyeji yasema kwamba Nabii Khidhri alifika hapo akawaomba wavuvi msala wa kusalia. Walipokosa, akasema kisiwa chenyewe ndicho msala, kwa kuwa kimeelekea Kibla. Mwaka 1998 Misali ikawekwa chini ya hifadhi, na masheikh na walimu wa madrasa wakaingia kazini kuwafundisha wavuvi kwamba bahari ni amana na kuiharibu ni kuvunja amana. Wapo waliokuwa hawaisikii kanuni ya serikali wakaisikia hoja ya dini. Nani awezaye kuuchoma moto msala wake?

Nasi je? Wazee wa Umatengo walituachia ngoro. Majani yaliyofyekwa hupangwa kwa miraba, yakafunikwa udongo, na katikati likabaki shimo la kunasa maji ya mvua, ili udongo usiporomoke. Hiyo ni elimu ya kushukuriwa. Leo wako wanaoiacha, wakalima mteremko mtupu hadi ukingoni mwa kijito. Udongo huo hushuka na mito hadi Ziwa Nyasa, ukafukia mazalia ya samaki. Na huko ufukweni, wako wanaovua usipa kwa vyandarua vya mbu, wakazoa hata watoto wa samaki. Na aliyeitegemea kahawa peke yake, bila shamba la chakula, anao uzi mmoja kama ule wa karafuu.

Tunasema haya, nasi tunamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yetu na yenu.

KHUTBA YA PILI

Sifa njema zote ni zake Mola, na rehema na amani zimfikie Mtume wake.

Ndugu Waislamu, tushike mambo matatu. La kwanza, kila nyumba iotehe miti na kurudisha ngoro mahali pa mteremko. Wanafunzi wa madrasa waanze na uwanja wa msikiti. La pili, tumkataze jirani kwa upole anapochoma mlima au kuharibu chanzo cha maji, awe Muislamu au asiwe, kwani kumshika mkono ni kumwokoa na kujiokoa. La tatu, tuwakumbuke watu wa visiwa kwa dua, na kwa mchango kila wafikwapo na maafa.

Ewe Mola wetu, walinde ndugu zetu wa visiwani na tufani na njaa. Warudishie matumbawe yao na visima vyao. Zihifadhi ardhi zetu na ziwa letu. Utupe nyoyo za kutunza amana, na ndimi za kusema haki mbele ya wenye nguvu. Amin.

Simameni kwa sala, Mwenyezi Mungu akurehemuni.