KAZI YA USAFI SI ADHABU



Yapo maneno ambayo mtoto wa shule huyasikia mara kwa mara: "Usiposoma, utaishia kuzoa taka." Mwenye kuyasema hukusudia kumhimiza mtoto. Lakini papo hapo humfundisha kumdharau mtu ambaye bila yeye shule yenyewe ingefungwa kwa maradhi.

Historia ya nchi hii ni shahidi. Kuanzia mwaka 1972 halmashauri za wilaya na za miji zilivunjwa, na usafi ukawa miongoni mwa kazi zilizokosa mwenyewe. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kujifunza, na vyoo vikachimbwa vijijini. Kampeni ilikuwa njema, lakini kampeni hupita, nayo kazi ya usafi haina likizo. Mwaka 1977 kipindupindu kilizuka Rufiji na kuenea katika mikoa mingi. Mwaka uliofuata ikatungwa sheria ya kuzirudisha halmashauri za miji.

Kibiti, iliyokuwa sehemu ya Wilaya ya Rufiji na sasa ni wilaya kamili, inalihitaji somo hilo. Mji umekaa kando ya barabara kuu ya kusini. Magari ya Lindi na Mtwara husimama. Abiria hula, hunywa na kutupa. Huku nchi kavu taka zaweza kufukiwa. Deltani mambo ni mengine. Katika vijiji kama Salale na Mbwera shimo halichukui muda kukutana na maji, na bamvua ikija huyafukua yaliyofukiwa. Kinachotupwa mtoni hunasa katika mizizi ya mikoko, pale pale kamba na samaki wanapokulia. Anayelipa ni mvuvi. Katazo la mifuko ya plastiki la tarehe 1 Juni 2019 lilikuwa hatua kubwa, lakini chupa za maji hazikuguswa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezikabidhi serikali za mitaa wajibu wa taka ngumu. Lakini halmashauri ni watu: ni bwana afya aliyehitimu chuo kama kile cha Mpwapwa, ni dereva wa trekta, ni mama afagiaye soko kabla ya alfajiri. Mtumishi anayeidhinisha viti vipya vya ofisi, huku mzoa taka akishika vigae na sindano kwa mikono mitupu, asijidai kuwa mtetezi wa wanyonge.

Wajibu wa mwalimu nao ni mkubwa. Amwalike bwana afya darasani, awaeleze watoto kazi yake. Na mwanafunzi akisema kwamba akikua atapenda kuifanya kazi hiyo, darasa lisicheke. Mwalimu awe wa kwanza kumpongeza.