Pima Waya Kabla ya Kuuamini

Hotuba kwa mafundi wa simu na wenye vibanda vya kuchaji



Kila mteja anayewaachia simu anawaachia pesa zake, kazi yake na picha za watoto wake. Simu ikiungua kwa sababu ya waya mbovu, familia nzima inakwama. Ndiyo maana leo tunazungumzia waya.

Chaja nyingi za kisasa zina kichwa cha USB-C, kile kinachoingia hata ukikigeuza. Kichwa ni kimoja, lakini nguvu hazilingani. Chaja huanza na volti 5. Kisha huwasiliana na simu kupitia waya mwembamba ulio ndani, na zikikubaliana, hupanda hadi volti 9, 15 au 20. Waya wa kawaida hubeba ampea 3. Kuzidi hapo, lazima uwe na chipu inayotaja uwezo wake.

Mawasiliano hayo yakiharibika, kifaa huumia. Mwaka wa 2015, Benson Leung, mhandisi wa Google, alianza kununua nyaya za USB-C mtandaoni na kuzipima. Baadhi zilikuwa na rezista isiyofaa, iliyoidanganya simu kwamba inaweza kuvuta ampea 3 hata pale chaja haina uwezo huo. Mapema mwaka wa 2016, waya mmoja ulioungwa kinyume uliharibu kompyuta aliyokuwa akipimia.

Kwa hivyo, kichwa kuingia si hakikisho. Tumieni kipima cha USB-C, kifaa kidogo chenye kioo kinachochomekwa kati ya chaja na waya. Soma volti, soma ampea, kisha zidisha: volti 9 mara ampea 2 ni wati 18. Pima betri ikiwa imeshuka, kwa maana ikikaribia kujaa simu hupunguza umeme yenyewe. Volti zikibaki 5 wakati chaja na simu zote ni za kuchaji haraka, badilisha waya kwanza kabla ya kulaumu chaja. Waya ukipata joto kali, chomoa mara moja.

Kila waya mpya upimwe kwanza, kabla ya kugusa simu ya mteja. Nanyi wananchi, mkinunua, tafuteni alama ya ubora ya KEBS na muulize fundi kama amepima.

Kinga ni bora kuliko tiba.