Mtoto Asiyepimwa Haonekani Katika Hesabu
(Maelezo yaliyotolewa katika mkutano wa wananchi wa kata)



Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko inavyotarajiwa kwa umri wao. Kwa jirani zetu wa Geita ilikuwa asilimia 38.6. Iringa, mkoa unaosifika kwa mavuno, ilikuwa na asilimia 56.9. Ghala lililojaa, peke yake, si kinga.

Utafiti huo hupima kaya chache zilizoteuliwa, na takwimu zake hutolewa kimkoa. Ili kukadiria hali ya wilaya au kata, wataalamu hutumia modeli za takwimu: huoanisha vipimo vya watoto na taarifa za maji, vyoo, elimu ya mama na maeneo jirani. Makadirio hayo husaidia kupanga huduma, lakini hayamtambui mtoto mmoja mmoja. Anayemtambua ni mhudumu mwenye ubao wa kupimia urefu.

Wazazi wengi hufika kliniki hadi chanjo ya miezi 9, kisha huadimika, ilhali udumavu hushamiri katika mwaka wa pili.

Akina mama na akina baba, mpelekeni mtoto kliniki hata siku isiyo ya chanjo. Ombeni apimwe urefu, si uzito pekee. Na uji wake utiwe dagaa wa ziwa letu, waliosafishwa na kusagwa.