Mpangilio na Rangi: Bango Mbele ya Mpita Njia



Iwapo mtaniwia radhi kwa kuitanguliza desturi ya mafundi mbele ya nadharia za wataalamu, nitasema kwamba bango halikamiliki juu ya meza lilipochorwa, bali pale litakapobandikwa, mbele ya macho ya mtu asiyekuwa na azma yoyote ya kulisoma. Na kwa sababu hiyo majaribio yote ya mpangilio na rangi, yakifanywa pasipo kutoka nje, ni pumbao la mchoraji tu.

Natuchukue bango la kuwaita wazazi walete watoto kwenye chanjo, karatasi ya A2, yaani sentimita 42 kwa 59.4, litakalobandikwa karibu na kituo cha daladala papa hapa Kibamba. Mwanafunzi aghalabu humfikiria kwanza dereva. Lakini gari liendalo kilomita 60 kwa saa katika Barabara ya Morogoro hukata takriban mita 17 kila sekunde, ilhali mafundi hukadiria kwamba herufi yenye kimo cha sentimita 10 husomeka kwa raha umbali wa mita 12 hivi. Hesabu hiyo peke yake yatosha kumtoa dereva katika hadhira yetu na kutubakishia mama aliyesimama kituoni, mwana mgongoni, akingoja gari. Naye ana wasaa.

Kuhusu mpangilio, kanga imekwisha kutufundisha, na nastaajabu kwamba hatuanzi nayo darasani. Ina pindo pande zote nne, ina mji katikati, na jina lake, yaani usemi wake, hukaa upande wa chini wa mji. Majina hayo, ambayo zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla ya hizi za Kirumi, na ambayo kuenea kwake hunasibishwa sana na duka la Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, mwenye chapa ya “Mali ya Abdulla”, hayashindani na nakshi: nakshi humwita mtu angali mbali, na jina humsemesha akisha kukaribia. Pindo nalo lina kazi kubwa kuliko pambo. Tazameni ukuta wowote wa barabarani, jinsi matangazo ya waganga, ya vyumba vya kupanga na ya tuisheni yanavyopandana. Bango lisiloachiwa ukingo mpana, uliotulia, humezwa na majirani zake hata likiwa na maneno murua. (Mwenye fedha, bila shaka, ataiona nafasi ile tupu na kuitamani kwa nembo yake.)

Basi nawasihi mkate vipande vya karatasi nyeusi, kimoja cha picha ya mtoto, kimoja cha kichwa cha habari, kimoja cha tarehe na mahali, mkavihamishe juu ya karatasi nyeupe kabla ya kugusa rangi. Mtoto akiwekwa katikati kabisa, bango hutulia kupita kiasi. Akisogezwa pembeni, uso wake ukielekea kwenye tarehe, macho ya msomaji hufuata yanakotazama macho yake. Akigeuzwa kutazama nje ya karatasi, msomaji naye hutoka.

Rangi huja baadaye, na ina hila. Nyekundu juu ya kijani huonekana shujaa, kumbe mara nyingi zina giza sawasawa: piga picha isiyo na rangi na maandishi yatatoweka. Manjano juu ya nyeupe hufifia hivyo hivyo, lakini nyeusi juu ya manjano husomeka hata jioni. Fauka ya hayo, kioo cha kompyuta hutoa rangi kwa mwanga, na mtambo wa chapa huzipata kwa wino wa samawati, majenta, manjano na nyeusi. Ndiyo maana kijani kilichong'aa kiooni hutoka matbaani kimepooza, na mteja akalalamika.

Kisha lipo jua. Katika wino nyingi za chapa, majenta na manjano hupauka kwanza, hata bango lililokaa nje muda mrefu likasalia buluu na nyeusi. Kwa hiyo tarehe na mahali pa chanjo viandikwe kwa nyeusi, nyekundu iachiwe shati la mtoto, na nakala ya majaribio ibandikwe ukuta unaopigwa na jua la mchana kabla mtambo haujaamriwa kuchapa zilizobaki.