Tulioshangilia na tuliozika Shamba la Bibi

Nimepewa dakika tano, na wanafunzi wa sheria mnatujua tukishika kipaza sauti, kwa hiyo mwenyekiti nikizidisha nikoholee.

Nataka niongelee Shamba la Bibi. Uwanja wa Uhuru, ule ambao wazee bado wanauita Taifa. Tangu Uwanja wa Mkapa ufunguliwe pale jirani mwaka 2007, tunaupita tukiwahi mechi ya watani, hatugeuzi hata shingo. Jamani! Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 bendera ya Mwingereza ilishushwa pale. Mwaka 1993 Simba walifungwa pale 2-0 na Stella Abidjan, fainali ya Kombe la CAF, na mpaka leo baba yangu hataki habari hiyo iguswe mezani. Mwaka 1999 Mwalimu aliagwa palepale. Yaani Dar ikifurahi inakwenda Temeke, ikifiwa inakwenda Temeke.

Sasa nije kwenye kilichonileta. Tarehe 21 Machi 2021 watu walifurika uwanjani kumuaga Rais Magufuli. Polisi wenyewe walitangaza baadaye kwamba watu 45 walikufa kwenye msongamano ule, watoto wakiwemo. Arobaini na tano! Nikiwaambia mnitajie jina moja tu, nani ataweza? Mimi mwenyewe siwezi, na ndiyo aibu yangu. Lakini matokeo ya 1993 nimeyatoa kichwani bila kusoma popote.

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni, hao si wetu, walikwenda kumlilia mtu aliyetubana. Hapana, kamanda, hapo nakukatalia. Sheria ya Uchunguzi wa Vifo, Sura ya 24, haiulizi marehemu alimpigia nani kura. Inataka kujua alikufaje.

Ombi langu ni dogo. Tuiandikie wizara yenye dhamana ya michezo, tuombe majina yote 45 yaandikwe kwenye ukuta wa uwanja, upande wa nje, mtu akienda kwa Mkapa ayaone. Na kama uchunguzi ulifanyika, matokeo yawekwe wazi. Kama haukufanyika, tuelezwe kwa nini. Hatuhitaji fulana wala maandamano kwa hili. Rasimu ya barua ninayo kwenye simu, ukurasa mmoja na nusu. Anayetaka kusaini anione wakati wa chai, na wa Temeke mtangulie.