Mama wa Kiota

Somo: Kumbukumbu la Torati 22:6-7



Sheria ya somo letu ni fupi. Mtu akikuta kiota njiani, aweza kuchukua makinda, lakini ndege mama amwache aende. Mungu hakumkataza mwenye njaa kula. Alimkataza kuumaliza uzao.

Sisi tukaao Meru na Embu tunao mti uitwao muuru. Asili yake ni misitu ya Mlima Kenya. Mbao zake zimetupa milango, vitanda, na hata viti vya kanisani. Leo umehesabiwa miongoni mwa miti iliyo hatarini kutoweka. Mwaka 1999 msitu huo ulikaguliwa kwa ndege, ikaonekana jinsi miti ya asili ilivyokatwa kinyume cha sheria. Mwaka 2000 ulinzi wake ukakabidhiwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori.

Lakini tusiwe wepesi wa kuhukumu. Mjane ana muuru mmoja mpakani mwa shamba. Mtoto wake ameitwa shule ya sekondari, na karo hana. Mwenye msumeno anakuja na pesa kidogo mkononi. Jioni mti umelala chini. Jumapili sisi wazee wa kanisa twanong'ona kwamba ameharibu kazi ya Mungu. Je, alipotafuta karo, sisi tulikuwa wapi?

Ndugu zetu, muuru hukubali kupandwa shambani. Basi tusikatazane kuvuna, bali tuvune kama watu wenye watoto. Mti mkubwa uzaao tuuache usimame. Mbegu zake zina ganda gumu na huchelewa kuota. Akina mama na vijana wazikusanye, wakatunze kitalu katika kiwanja cha kanisa. Msituni tusiingize msumeno bila kibali. Kanisa likinunua mbao, liulize zilikotoka. Tena kila kanisa liwe na mfuko wa karo, ili mjane asiuze mti wake kwa bei ya kutupa. Atakayeuza, auze kwa wakati wake na kwa bei ya haki, miche ikiwa imekwisha kushika.

Tuombe. Ee Mungu Muumba wetu, utusamehe tulipokula makinda pamoja na mama. Utufundishe kumsaidia jirani kabla ya kumlaumu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.