Tuliyoyaona Ng'ambo ya Rusumo

(Mazungumzo ya Mwenyekiti kwa wanachama na wageni, siku ya kuadhimisha miaka 10 ya kikundi)



  

Katibu ameshasoma risala, na mweka hazina ameshasema hesabu, kwa hiyo mimi sitarudia hisa wala mikopo. Nimepewa kazi ya kuzungumza habari ya safari, na sababu yake mnaijua. Kwenye mkutano mkuu ujao ipo ajenda ya kuufuta mfuko wa safari, ule wa shilingi elfu mbili kila mwezi, ili pesa yake iende kwenye mikopo. Wapo wanaosema kusafiri ni anasa, ni kwenda kupiga picha na kurudi na vitenge. Mwenye hoja hiyo simlaumu hata kidogo. Elfu mbili kwa mama anayeuza mchicha hapa Kahama siyo pesa ya kuchezea. Ila kabla hatujanyoosha mikono, naomba niwaeleze tuliyoyaona mwezi Juni mwaka 2023, tulipokwenda Rwanda watu 22 kwa basi dogo la kukodi. Halafu kila mtu apime mwenyewe.

Njia mnaijua: Kahama, Masumbwe, Runzewe, Nyakanazi, Lusahunga, hadi Rusumo. Zamani kwenye yale mapori magari yalikuwa yanasindikizwa na askari wenye bunduki, mama anasafiri huku anasali. Safari hii tulipita tunaimba.

Rusumo ni pale mto Kagera unapoporomoka kwenye mawe, na daraja ndiyo mpaka. Daraja lililopo sasa lilizinduliwa mwaka 2016, tulisaidiwa na Wajapani. Pale mnagongewa mihuri ya nchi zote mbili kwenye jengo moja, unatoka dirisha hili unaingia lile. Na hapo hapo upo mradi wa umeme wa maji, megawati 80, ambao Tanzania, Rwanda na Burundi wanagawana sawa kwa sawa. Mama mmoja wetu akasema, "Kumbe hata serikali zina kikoba!" Tulicheka sana, lakini si ni kweli? Hakuna nchi hata moja katika hizo tatu iliyosema mto ni wake peke yake.

Ukivuka daraja tu mambo yanageuka. Kwanza saa. Unarudisha saa yako nyuma saa moja, maana wenzetu wako nyuma yetu kwa saa moja. Pili barabara. Huku kwetu gari linapita kushoto, kule linapita kulia. Dereva wetu alikaa kimya kabisa kilometa za mwanzo, na sisi tukanyamaza kumsaidia. Sasa basi letu lina mlango upande wa kushoto, kwa hiyo kila tukisimama, mlango unafungukia katikati ya barabara! Ikabidi kijana wetu wa gari ashuke kwanza, asimame na kitambaa chekundu, ndipo akina mama tushuke. Jambo dogo, lakini linakufundisha: ulichokizoea nyumbani kuwa ni salama, ugenini kinaweza kukugonga.

Tatu mifuko ya plastiki. Wao waliipiga marufuku mwaka 2008. Sisi tulifuata mwaka 2019, kwa hiyo wengi tulikuwa na vikapu na mifuko ya kitambaa. Ila vile vifuko laini vya karanga na vya kufungia nguo, ambavyo mtu wala havihesabu kuwa mfuko, vilikaguliwa mpakani vikabaki hapo hapo.

Kutoka mpakani hadi Kigali unapita Kirehe, Ngoma, Kayonza na Rwamagana. Ni milima juu ya milima, na kila mlima umelimwa mpaka juu, migomba na maharage. Sisi tuliozoea mbuga za mpunga tulishangaa mtu anavyopalilia kwenye mteremko bila kuanguka. Kirehe tuliona picha za imigongo, zinazochorwa kwa kinyesi cha ng'ombe na majivu, halafu zinapakwa rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Akina mama wanakaa kivulini wanazitengeneza kwa vidole, na wageni wananunua kwa pesa nzuri. Sisi Wasukuma na ng'ombe wetu wote hawa, kinyesi tunakipeleka shambani au tunakandikia nyumba basi. Sikusema tuige. Nasema mali ipo mpaka mtu aione.

Lugha haikutusumbua sana. Rwanda walikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, na sokoni wengi wanakisikia. Na Kinyarwanda chenyewe siyo cha kutisha: watu ni "abantu", mtoto ni "umwana", maji ni "amazi". Ukijua "muraho" ya kusalimia na "murakoze" ya kushukuru, unapewa kiti.

Chakula kilikuwa ndizi za kupika, maharage, ugali wa muhogo, na isombe, ambayo wala siyo kitu kigeni, ni kisamvu. Ila bei! Kigali chakula ni ghali kuliko kwetu, hilo nalisema wazi. Waliobeba mchele wao wa Kahama walishukuru.

Sasa usafi. Habari ya usafi wa Kigali mmeisikia redioni. Ni kweli. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tano, nchi nzima inatoka kwenye umuganda: kufyeka, kuzibua mitaro, kupanda miti, na baadaye wanakaa mkutano wa mtaa. Jumamosi ile ilitukuta kule. Maduka yalifungwa, barabara tupu. Hata bodaboda, ambazo siku zote zinapita na kofia mbili, ya dereva na ya abiria, hazikuwepo.

Lakini akina mama, ukienda ugenini usiwe mtu wa kusifu tu. Mle Kigali kutembeza bidhaa barabarani hairuhusiwi. Mama mwenye beseni la ndizi kichwani anakimbizwa, na hata mnunuzi anaweza kutozwa faini. Tulimwona mmoja amejificha uchochoroni na parachichi zake, mtoto mgongoni, anachungulia. Hapo sote tulinyamaza, maana nusu yetu tulianza na beseni. Usafi ule una gharama, na anayeilipa mara nyingi ni mwanamke asiye na kizimba. Viongozi wetu mliopo hapa, mkija kupanga usafi wa mji wetu, naomba mumkumbuke mwenye beseni kwanza, mpeni pa kukaa, halafu ndiyo mfagie.

Tulikwenda pia Gisozi, kwenye kumbukumbu ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Pale wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Sitaeleza yaliyomo ndani, wapo watoto hapa. Nitasema tu kwamba sisi watu wa Kahama siyo wageni wa habari ile. Mwisho wa Aprili mwaka 1994, kwa siku moja na usiku wake, watu zaidi ya laki mbili walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Mlio wa rika langu mnakumbuka malori ya chakula cha msaada, yaliyokuwa yanapakia pale Isaka kwenye reli, yanapita usiku na mchana. Tuliyaona malori. Watu wenyewe hatukuwaona. Nimekaa miaka ishirini na tisa ndipo nikakaa benchi moja na mama aliyenizidi kidogo umri, akaniambia yeye mwaka ule alikuwa na watoto watatu, na sasa anaye mmoja.

Mama yule anasuka vile vikapu vyenye kifuniko kilichochongoka, wanaviita agaseke. Kule viko vikundi vya kusuka ambamo wajane wa waliouawa wanakaa pamoja na wanawake ambao waume zao walifungwa kwa kuua. Ukili mmoja, duara moja. Nilimwuliza, "Dada, mnawezaje?" Akasema mwanzoni walikuwa hawasemezani, wanasuka tu. Kilichowafanya waseme ni hesabu, maana kikapu kikiuzwa lazima mgawane. Ndugu zangu, sisi hapa wapo ambao hawasalimiani miezi minane kwa sababu ya mkopo wa laki na nusu. Sitaji jina. Mwenye masikio amesikia.

Sasa naja kwenye jambo lenyewe lililonifanya nisimame hapa.

Siku ya kuondoka tuliingia soko la Kimironko kununua vitenge. Soko lile lina mafundi cherehani ndani kwa ndani, unanunua kitenge, unashonewa ukisubiri. Tukiwa tunasubiri, tukaona kwenye kizimba cha nyanya akina mama wanakusanyika, kila mmoja anatoa noti, mmoja anaandika kwenye daftari. Mweka hazina wetu macho yakamtoka. Tukajitambulisha. Wakasema hiki ni ikimina, yaani kikoba kama chetu: hisa, faini ya kuchelewa, mkopo na riba. Tukafurahi kama tumekutana na ndugu.

Lakini walikuwa na haraka. Tukauliza kulikoni. Wakasema mwaka wa bima ya afya, wanayoiita mituweli, unaanza tarehe 1 Julai, na wanamalizia michango ya familia zao. Watu wengi kule mwaka ule walikuwa wanalipa faranga 3,000 kwa kichwa kwa mwaka. Mama mwenye watoto sita hawezi kuitoa yote siku moja, kwa hiyo kikundi kinamwekea kidogo kidogo kila wiki, kwenye daftari la pembeni. Ikifika Juni, wote wanalipiwa pamoja. Pesa ile haikopeshwi wala haigawanywi. Ni ya bima tu.

Akina mama, sisi wakati ule tulikuwa na mfuko wa jamii wa kuchangia misiba na wagonjwa. Mtu akiugua ndipo tunapitisha bakuli. Ule mwaka wa 2023, CHF iliyoboreshwa huku kwetu ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6. Ukigawa kwa wiki 52 haifiki hata shilingi mia sita. Tulikuwa tunaijua hiyo bei? Tulikuwa tunaijua, ilibandikwa mpaka kwenye mlango wa zahanati. Kilichokosekana ni kuona wenzetu wa hali kama yetu wakifanya, kwenye kizimba cha nyanya, siku ya kawaida.

Tulirudi, tukakaa, tukaanzisha daftari la bima mwezi Agosti. Mwanachama wetu aliyefanyiwa upasuaji mwaka uliofuata yupo hapa leo, amekaa mstari wa pili na gauni la kijani. Kadi ilikuwa mkononi. Hatukupitisha bakuli, na hakuuza cherehani yake. Mwulizeni yeye kama safari ilikuwa anasa.

Kuna na faida ya biashara. Mchele wa Tanzania tuliukuta Kimironko, unauzwa vizuri. Na pale mpakani tulijifunza kwamba mfanyabiashara mdogo akiwa na bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, zilizo kwenye orodha yao, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, anapewa cheti rahisi cha uasili hapo hapo, na ushuru wa forodha halipi. Tozo nyingine zinaweza kuwepo, uliza kwanza. Lakini wangapi kati yetu tulikuwa tunauza mchele kwa dalali wa Rusumo kwa sababu ya kuogopa dirisha?

Kwa hiyo, maoni yangu ni kwamba mfuko usifutwe, ila tuuwekee masharti. La kwanza, hakuna safari bila kikundi cha wenyeji cha kukaa nacho, hata kwa saa moja. La pili, kila anayekwenda alete jambo moja la kujadili mkutanoni, vitenge havihesabiwi. La tatu, waliobaki nyumbani mwaka 2023 kwa kuuguza, kwa kunyonyesha au kwa kunyimwa ruhusa, ndio watangulie safari ijayo. Na hapo nawageukia waume zetu wa viti vya nyuma: mkeo akiomba siku tano, usiulize nani atapika. Uliza atarudi na nini.

Wahenga walisema tembea uone. Hawakusema tembea uonekane. Kura ni yenu, na mtakaloamua mimi nitalifuata.

 Kikundi chetu kidumu, na Mungu akitujalia, miaka 20 itukute tukiwa pamoja.